Simon John Ritchie: Mpiga Besi Aliyemezwa na Lakabu Yake

Kurasa za jarida hili zimezoea kubeba wasifu wa malenga, wanaisimu na wapigania uhuru. Huenda basi msomaji akashangaa kukuta humu habari za kijana wa Kiingereza aliyefariki akiwa na umri wa miaka 21, asiyeacha diwani wala nadharia, na ambaye hata kazi iliyompatia umaarufu, yaani kupiga gitaa la besi, hakuimudu. Hata hivyo, sura yake imechapwa kwenye fulana nyingi kuliko sura za wanamuziki wengi waliomzidi kwa mbali, na yamkini msomaji amewahi kuivaa mojawapo, aliyoinunua mitumbani, asijue ni nani aliyechorwa kifuani pake. Kijana huyo ni Sid Vicious wa bendi ya Sex Pistols. Ngoma ivumayo sana haidumu, walinena wahenga. Ila katika kisa hiki yafaa pia tuulize ni nani aliyekuwa akiipiga ngoma hiyo, na ni nani aliyekuwa akikusanya tuzo.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1957 huko Lewisham, kusini mashariki mwa London, akapewa jina la Simon John Ritchie. Baba yake alikuwa askari wa kikosi kinacholinda Kasri la Buckingham na alipenda kupuliza tromboni. Mama yake aliitwa Anne. Mtoto alipokuwa na umri wa kama miaka mitatu, mama alisafiri naye hadi kisiwa cha Ibiza, Uhispania, akitarajia kwamba mume angewafuata na kuwaletea fedha. Mume hakufuata, wala fedha hazikuja. Mama na mwana wakarejea Uingereza mikono mitupu. Mnamo 1965 Anne aliolewa na Christopher Beverley, mtu aliyeelekea kumpa mtoto huyo kwao pa kukaa, lakini Beverley naye alifariki kwa saratani miezi michache tu baada ya ndoa. Kuanzia hapo wawili hao wakawa watu wa kuhamahama: Tunbridge Wells, Bristol, hatimaye Hackney, mtaa wa makabwela mashariki mwa London. Mama mwenyewe alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya. Silitaji hili ili nimhukumu marehemu mama huyo. Nalitaja kwa kuwa sumu iliyokuja kumuua mwanawe haikuwa mgeni nyumbani mwao.

Mwaka 1973, katika chuo kimoja cha Hackney, Simon alikutana na John Lydon, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Wakawa marafiki wa kufa kuzikana, pamoja na vijana wengine wawili ambao nao waliitwa John. Ni Lydon aliyempa jina la Sid. Lilikuwa jina la hamsta wake, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, ambaye siku moja alimng'ata Simon kidole. Neno la pili, Vicious, kwa Kiingereza ni mkali au katili. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunafahamu kwamba lakabu inaweza kuwa sifa, na inaweza pia kuwa kejeli. Hii ilikuwa kejeli tupu. Wengi waliomfahamu siku hizo walimkumbuka kama kijana mrefu, mwembamba, mwenye haya na mzaha mwingi, aliyempenda mno mwanamuziki David Bowie hata akaziiga nywele zake. Walimwita katili kwa namna ile ile ambayo watu humwita mtu mrefu Kafupi. Bahati mbaya ni kwamba waliokuja kulisikia jina hilo baadaye hawakuujua mzaha wenyewe.

Wakati huo mjini London kulikuwa na duka la mavazi katika barabara ya King's Road, nambari 430, lililomilikiwa na Malcolm McLaren na Vivienne Westwood. Vijana wasio na ajira walilifanya kijiwe. Humo ndimo ilimozaliwa bendi ya Sex Pistols mwaka 1975: Steve Jones akipiga gitaa, Paul Cook ngoma, Glen Matlock besi, na Lydon, ambaye sasa aliitwa Johnny Rotten, akiimba. McLaren alikuwa meneja. Muziki wao uliitwa panki. Ulikuwa wa kasi, wa kelele, wenye kodi chache, na ulibeba dai lililowavutia vijana wa wakati ule wa ukosefu wa kazi: kwamba mtu hahitaji kupitia shule ya muziki ndipo apande jukwaani. Sid alikuwa shabiki wao wa mstari wa mbele. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyeanzisha ule mtindo wa kucheza kwa kurukaruka wima mahali pamoja, kwa vile ukumbi ulijaa na alitaka kuiona bendi.

Tarehe 20 Septemba 1976 alipanda jukwaani mwenyewe katika klabu iitwayo 100 Club, akapiga ngoma katika onyesho la kwanza la Siouxsie and the Banshees. Hakuwa mpiga ngoma. Usiku uliofuata, katika tamasha lilo hilo, bilauri ilirushwa, ikavunjika, na msichana mmoja akaumia jicho. Sid alikamatwa na kuwekwa rumande. Magazeti yalikwisha kuonja utamu wa habari za panki, na lakabu ikaanza kufanya kazi yake.

Mnamo Februari 1977 Glen Matlock aliiacha bendi, na nafasi ya besi akapewa Sid. Hapa yafaa nisimame kidogo, maana hii ndiyo ngozi ya kisa chote. Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, na sauti yake iko chini ya gitaa la kawaida kwa oktava moja. Msikilizaji asiye makini huenda asilitambue, lakini likinyamaza atahisi kama aliyeondolewa sakafu chini ya miguu. Ndilo linalofunga ndoa kati ya ngoma na gitaa. Katika panki kazi yake ni sahili kwa maelezo, nzito kwa utendaji: mpigaji hushikilia noti ya msingi ya kila kodi na kuichapa mfululizo, mara nyingi kwa mpigo wa kushuka tu, bila kuyumba, wimbo mzima. Mkono huchoka. Anayetaka kuona ilivyofanywa na aliyeiweza amsikilize Dee Dee Ramone wa kundi la Ramones la New York, ambaye ndiye aliyekuwa kigezo cha Sid. Matlock naye alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyechangia sehemu kubwa ya tuni za Sex Pistols. Kwa hiyo bendi ilimtoa mtunzi wake na kumleta shabiki.

Na shabiki huyo alijitahidi. Alikesha akiifuatisha albamu ya kwanza ya Ramones kwenye santuri. Lemmy wa Motörhead, bingwa wa besi, alijaribu kumfundisha na akaona hakuna linaloingia. Sid alilining'iniza gitaa lake jeupe la Fender chini kabisa, karibu na magoti, jambo linalopendeza machoni lakini linaloutesa mkono wa mpigaji. Shingoni alivaa mnyororo wenye kufuli. Wapiga picha walimpenda. Ilipofika zamu ya kurekodi albamu, Sid alikuwa ameugua homa ya ini na kulazwa hospitalini, naye Steve Jones akapiga besi mwenyewe baada ya kumaliza gitaa. Albamu hiyo, Never Mind the Bollocks, ilitoka Oktoba 1977 na kushika nafasi ya 1 nchini Uingereza. Mchango wa Sid umo katika wimbo mmoja, Bodies, tena sauti yake imefifishwa mno hivi kwamba hata mwenye sikio kali atatoka jasho kuitafuta. Mpiga besi aliye maarufu kuliko wote katika historia ya panki, basi, karibu hasikiki katika albamu ya bendi yake.

Kuna kinaya ambacho mwandishi wa riwaya angekionea haya kukibuni. Tarehe 10 Machi 1977 bendi ilitia saini mkataba na kampuni ya A&M mbele ya kamera, nje ya Kasri la Buckingham, pale pale ambapo baba yake Sid alikuwa akilinda. Baada ya siku chache kampuni iliuvunja mkataba, ikalipa fidia, na nakala nyingi za santuri ya God Save the Queen zikateketezwa. Kampuni ya Virgin ndiyo iliyoutoa wimbo huo mwezi Mei, katika msimu wa jubilii ya miaka 25 ya Malkia Elizabeth. Redio ya BBC iliupiga marufuku, nao ukafika nafasi ya 2. Watu walianza kuwashambulia wanabendi barabarani. Kwa wenzake hiyo ilikuwa hatari ya kuepukwa. Kwa Sid ilikuwa ithibati kwamba jina alilopewa lilikuwa la kweli, na akaanza kuliishi.

Mapema mwaka huo alikuwa amekutana na Nancy Spungen, msichana kutoka Philadelphia, Marekani, aliyekuja London akiwafuata wanamuziki. Nancy alikuwa tayari mtumwa wa heroini. Wandani wa bendi walimchukia wazi, na waandishi wengi wamemfanya Hawa wa kisa hiki, aliyemlisha Adamu tunda. Sikubaliani nao. Sid alikuwa na sindano mkononi kabla ya kumjua Nancy. Isitoshe, Nancy alikuwa binti wa watu, aliyesumbuliwa na maradhi ya akili tangu utotoni, na alikuwa na umri wa miaka 20 tu mwisho wake ulipofika.

Januari 1978 bendi ilizuru Marekani. McLaren aliyapanga maonyesho mengi kusini, katika miji ambamo alijua fika kwamba ghasia hazingekosekana. Huko San Antonio, Texas, Sid alimpiga mtazamaji kwa gitaa lake. Siku mbili baadaye, mjini Dallas, alipanda jukwaani kifua wazi, amejichora maneno ya kuomba dawa. Watu walishangilia. Hivi ndivyo ninavyoiona ziara ile: kijana mgonjwa akioza mbele ya umma, na umma ukilipa kiingilio. Onyesho la mwisho lilifanyika San Francisco tarehe 14 Januari, kisha Lydon akajiondoa na bendi ikasambaratika. Siku chache baadaye Sid alizimia ndani ya ndege kwa kuzidisha dawa, akapelekwa hospitali jijini New York.

Mwaka huo huo alirekodi jijini Paris wimbo My Way, uliokuwa umevumishwa na Frank Sinatra, akiuanza kwa dhihaka na kuumaliza kwa ghadhabu. Ulifika nafasi ya 7 Uingereza. Humo hakupiga besi. Aliimba, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake moja inayostahili kusikilizwa kwa ajili yake yenyewe.

Sid na Nancy walihamia New York, wakapanga chumba nambari 100 katika Hoteli ya Chelsea. Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1978 Nancy alikutwa bafuni amekufa, ana jeraha moja la kisu tumboni. Sid alishtakiwa kwa mauaji. Maelezo yake yalipingana: mara alikiri, mara alisema alikuwa amelala na hakumbuki lolote. Aliachiliwa kwa dhamana ya dola 50,000, na siku chache baadaye akajikata mkono akitaka kujiua. Mwezi Desemba alimjeruhi mtu kwa bilauri katika klabu, akarudishwa gerezani Rikers Island. Huko alikaa karibu miezi miwili bila heroini. Tarehe 1 Februari 1979 aliachiliwa, marafiki wakamwandalia karamu ndogo katika nyumba moja mtaani Greenwich Village, na mama yake alikuwapo. Heroini ililetwa. Mwili uliokwisha kuisahau dawa haukuihimili, na asubuhi ya tarehe 2 alikutwa amekufa.

Kesi haikusikilizwa kamwe, kwani mshtakiwa alikuwa amefariki. Wapo wanaoamini kwamba mtu mwingine aliingia chumbani usiku ule, na wapo wasioamini hivyo. Kwa wazazi wa Nancy tofauti hiyo haikuleta nafuu. Mama yake, Deborah Spungen, alichapisha kitabu kuhusu bintiye mwaka 1983, kisha akajitolea kuzisaidia familia za watu waliouawa.

Biashara haikuvaa matanga. Sid alipokuwa bado akisubiri kesi, duka la King's Road lilikuwa likiuza fulana yenye picha yake na maneno ya mzaha kuhusu kifo cha Nancy. Mwaka 1979, akiwa kaburini, nyimbo zake mbili zilifika nafasi ya 3 nchini Uingereza. Mwaka 1986 ikatoka filamu, Sid and Nancy, iliyowageuza wawili hao kuwa mfano wa mapenzi kwa kizazi ambacho hakikuwahi kuwaona.

Mwaka 1996, mwaka ambao mama yake Sid naye alifariki, Sex Pistols waliungana tena kwa ziara ya dunia. Aliyesimama upande wa besi alikuwa Glen Matlock, akizipiga tuni alizosaidia kuzitunga.