Eksirei, inzi wa ndizi na hofu ya kizazi

Ukipita Kariakoo kwenye meza za ndizi mbivu utawaona inzi wadogo wenye macho mekundu. Inzi wa namna hiyo ndio waliompatia Hermann Muller Tuzo ya Nobel, na ndio niliomtajia mama mmoja aliyekataa mwanawe, mwenye kikohozi cha wiki tatu, apigwe eksirei ya kifua. Alihofia mionzi ingemharibia kizazi, aje kumletea wajukuu wenye kasoro.

Muller alizaliwa New York mwaka 1890. Mwaka 1926, akiwa Texas, aliwapiga inzi eksirei kali, kisha akachunguza vizazi vyao. Mabadiliko ya vinasaba yaliongezeka mara 150 hivi. Wengine walitoka na macho meupe, wengine mabawa madogo, na wengi walikufa wangali mayai.

Je, mionzi ndiyo iliyowageuza wanyama tangu kale? Muller mwenyewe alipiga hesabu na mwenzake mwaka 1930, wakakuta mionzi ya asili ni haba mno. Mabadiliko mengi hutokana na seli kukosea inaponakili vinasaba vyake. Na yale ya mionzi kwa kawaida huwa hasara tupu. Ndiyo maana Unguja madume ya mbung'o waliofugwa Tanga yalipigwa mionzi, mimba walizotia zikawa hazikui, na kufikia 1997 kisiwa kikawa hakina mbung'o.

Muller alihangaika sana: Berlin, kisha Urusi, ambako elimu ya vinasaba ilipigwa vita na siasa, akaondoka hadi Edinburgh. Baada ya Nobel ya 1946 alitukaripia sisi madaktari kwa kupiga watu eksirei ovyo. Wenzangu wa enzi hizo hawakumpenda, lakini vifuniko vya risasi tunavyovijua leo vina mkono wa watu kama yeye. Alifariki 1967.

Watoto wa walionusurika Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la kasoro za kurithi halijaonekana. Tena picha moja ya kifua ni sawa na mionzi ya asili unayopata kwa siku kumi hivi. Kama una mimba, au unahisi unayo, mwambie mpigaji kabla hujaingia chumbani.

Mtoto alipigwa picha siku ileile. Sasa anameza dawa za kifua kikuu.