Fundi Konde na enzi ya gita la umeme

MPENZI wa muziki wa zamani, kuanzia Kilifi na Malindi hadi Garsen na Hola, hahitaji kukumbushwa wimbo Tausi Ndege Wangu. Mwenye wimbo huo, Fundi Konde, aliaga dunia mwaka 2000, lakini gita lake lingali linasikika katika vipindi vya zilizopendwa. Kisichozungumzwa sana ni chombo kilichosimama nyuma ya gita la umeme la enzi zake, yaani amplifaya ya valvu, na jinsi kilivyoutawala mkono wa mpigaji.

Konde alizaliwa mwaka 1924 katika eneo la Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Alisoma katika shule ya wamishonari Wakatoliki, kisha akaajiriwa katika idara ya afya. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, alijiunga na kikosi cha burudani cha jeshi la KAR, akawatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipigana na Wajapani huko Burma.

Vita vilipokwisha, Nairobi ilikuwa imeanza kuwa kitovu cha biashara ya santuri. Kwa ushirikiano na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa mfanyabiashara wa muziki na matangazo, Konde alianza kurekodi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mama Leli, Ajali Haikingiki na Majengo Siendi Tena ni baadhi ya nyimbo zilizomjengea jina. Alitunga pia nyimbo za kutangaza bidhaa, na baadaye akafanya kazi ndani ya studio, upande wa kurekodi wenzake.

Anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kurekodi kwa gita la umeme. Sifa hiyo si ndogo. Gita la kawaida hushindana na klarineti, ngoma na nyayo za wachezaji, na mpigaji hulazimika kuzichapa nyuzi kwa nguvu ili asikike. Umeme uliuondoa mzigo huo mkononi, ila ukaleta sharti jipya.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwezi Desemba 1947, na ilichukua miaka mingi kuingia katika vyombo vya muziki. Kwa hiyo, amplifaya za magita za miaka ya 1940 na 1950 zilitumia valvu, zile chupa ndogo za kioo zenye waya unaowaka ndani. Mpigaji anapochapa uzi kwa nguvu huku sauti ikiwa juu, valvu hudai umeme mwingi kwa ghafla. Sehemu inayozilisha umeme huo haiwahi kuujaza papo hapo, na nguvu yake hupungua kwa muda mfupi mno. Matokeo yake, mwanzo wa noti hubanwa, kisha mkia wake huinuka taratibu kadiri umeme unavyorejea.

Kwa wimbo wa mwendo wa pole, hali hiyo ni neema, kwani noti huimba kama sauti ya binadamu. Kwa mpigaji wa kasi, ni neema yenye masharti. Kwa upande mmoja, kubanwa huko husawazisha noti dhaifu na noti kali, na vidole huhisi wepesi. Kwa upande mwingine, noti ya pili ikiwahi kabla umeme haujarejea, hukosa makali, na msururu mzima huweza kuvurugika. Dawa ni kuupunguza uzito wa mkono au kuishusha sauti, kwa sababu katika sauti ya chini valvu hazidai umeme mwingi kiasi hicho. Amplifaya ya transista kwa kawaida haina kulegea huko. Hujibu mara moja, lakini haisitiri kosa.

Wanamuziki wa kizazi cha Konde walilipa gharama ya kosa ndani ya studio. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika 3 tu, na bendi ilirekodi kwa pamoja. Kidole kimoja kikiteleza, wote walirudia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mbele ya kinasa sauti methali hiyo ilikuwa kanuni ya kazi.

Katika vijiji vya Wapokomo kandokando ya Mto Tana, umeme wa kuiwasha amplifaya ya namna hiyo haukuwapo. Muziki wa mijini ulifika kwa santuri za kuzungusha kwa mkono na redio za betri. Kijana mwenye gita la mbao aliweza kuiga noti, lakini si ule mkia unaoinuka, kwa kuwa haukutoka kwenye vidole peke yake. Hata hivyo, Tana haikuwa mpokeaji tu. Wimbo wa taifa uliozinduliwa mwaka 1963 umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ambao haukuhitaji waya hata mmoja.

Konde alikaa miaka mingi pembeni huku nyimbo zake zikiimbwa na wengine. Ilikuwa mwaka 1994 ambapo rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa katika albamu moja, naye akiwa amekaribia miaka 70. Bahati nzuri aliishi kuiona. Wengi wa rika lake walizikwa pamoja na majina yao, na santuri zao zikavunjika majumbani.

Leo nguzo za umeme zimefika Garsen, na kijana wa huko anaweza kununua gita na amplifaya. Akijikuta vidole vyake vinakwenda kasi lakini sauti haieleweki, asikimbilie kujilaumu wala kuuza chombo. Ashushe sauti, aulegeze mkono, kisha azisikilize rekodi za Mgiriama huyu, mtu wa pwani yake mwenyewe.