Charlot, mutoto maskini wa London aliyejua bei ya kazi yake

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto, yule mutu wa kofia ndogo nyeusi, fimbo mukononi na viatu vinavyopita miguu yake, ninyi wote munamujua. Wafaransa walimupa jina la Charlot. Jina lake la kweli ni Charles Chaplin, Muingereza. Watu wanamucheka, na ni vizuri, juu kuchekesha ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini sisi wa sendika tunapenda leo kuwaelezea maisha yake kwa upande wa kazi na mushahara.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, akakomalia London. Baba na mama wote wawili walikuwa waimbaji. Baba aliacha nyumba, akashikwa na pombe, akafa mwaka 1901. Mama yake, Hannah, sauti yake iliharibika, kazi ya kuimba ikaisha, akabaki kushonea watu nguo kwa makuta kidogo. Haikutosha kula na kulipa nyumba.

Mwaka 1896, Charles akiwa na miaka 7, mama aliingia katika nyumba ya maskini pamoja naye na kaka yake Sydney. Ilikuwa fasi ya serikali kwa wale wasio na kitu. Kule walitenga mama na watoto, kisha watoto wakapelekwa shule ya maskini ya Hanwell, inje ya muji. Nyuma yake mama akagonjwa kichwa, wakamuweka hospitali. Mwenye amekwisha kuona jamaa inatolewa katika nyumba ya kampani siku baba anapoteza kazi, hana lazima tumuelezee zaidi.

Mbele ya kutimiza miaka 10, mutoto huyu alianza kazi. Aliingia katika kikundi cha watoto wachezaji, Eight Lancashire Lads, waliocheza na viatu vya mbao, vile vya wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire. Mwaka 1903 alipata fasi katika teatri. Mwaka 1908 akaingia kwa Fred Karno, bwana wa wachezaji waliochekesha kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Pale ndipo alijifunza ufundi: kuanguka bila kuvunjika, kupigwa bila kuumia, kurudilia kitu kimoja mpaka kinyooke. Watu wanazani kuchekesha ni zawadi tu. Hapana, ni kazi ya fundi, inafunzwa kama kazi ingine.

Na kikundi cha Karno alifika Marekani. Mwisho wa 1913, kampani ya filamu Keystone ilimuandika kwa dola 150 kwa juma. Mwaka 1914 akavaa suruali pana, koti la kubana, ile kofia na ndevu ndogo, na dunia ikamujua. Sasa angalieni hesabu. Mwaka 1915, kwa kampani Essanay, alipata dola 1.250 kwa juma. Mwaka 1916, kwa Mutual, dola 10.000 kwa juma. Kwa miaka mitatu tu! Hakuna patron aliyemuhurumia. Aliona mistari ya watu mbele ya masinema, akaelewa nani anawaleta. Kaka yake Sydney akamusaidia kuzungumuza mapatano na wakubwa. Mutu anayejua faida inatoka wapi, haogopi kusema bei yake.

Kisha akajenga studio yake mwenyewe Hollywood. Na mwaka 1919, kampani kubwa za filamu zilipotaka kushikana, wachezaji waliogopa kwamba mishahara itakatwa. Basi Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith wakaanzisha kampani yao, United Artists, kusudi wauzishe filamu zao wenyewe. Ile haikuwa sendika, juu wote wane walikuwa matajiri. Lakini somo ni lile lile: mutu peke yake anaambiwa bei, watu wakishikana wanasema bei.

Feza haikumusahaulisha Hanwell. Katika The Kid, ya 1921, wakubwa wanakuja kunyanganya maskini mutoto anayemulea, wamupeleke kwa yatima. Mwenye aliandika jambo hilo alikuwa amelipitia.

Filamu inayotugusa zaidi ni Modern Times, ya 1936. Wakati ule Marekani viwanda vilikuwa vinafungwa na watu walikosa kazi. Charlot anakaza vis mbele ya mukanda unaopita mbio, muchana mutima. Patron anamuangalia katika kioo hata akienda chooni. Wanaleta mashini ya kulisha mufanyakazi kusudi saa ya kula isipoteze kazi, na mashini inamupiga usoni. Kichwa chake kinaharibika, anapelekwa hospitali, kazi inapotea. Kule njiani anaokota bendera iliyoanguka kwa gari. Nyuma yake wagomaji wanatokea, polisi wanamukamata kama ni kiongozi wao! Tunacheka, lakini ni kicheko chenye kuuma, kwa sababu wengi wetu tunajua mukanda ule.

Hatusemi alikuwa malaika. Kama patron alikuwa mugumu: katika City Lights, ya 1931, kipande kimoja na msichana muuza maua alikirudilisha zaidi ya mara 300. Na alioa wasichana wawili wenye miaka 16, jambo ambalo sisi wazazi hatulisifu.

Lakini woga hakuwa nao. Mwaka 1940, Marekani ikiwa haijaingia vita, alitoa The Great Dictator, akamufanya Hitler kichekesho mbele ya dunia nzima. Nyuma ya vita, watu wakaanza kumusemea kwamba ni mukomunisti. Mwaka 1952, akiwa katika mashua kwenda Uingereza, serikali ya Marekani ikamukatalia kurudi. Alikuwa amefanya kazi kule karibu miaka 40. Akakaa Uswisi, karibu na Vevey, pamoja na bibi yake Oona na watoto wao. Mwaka 1972 walimuita Hollywood kumupa zawadi ya heshima. Watu wakasimama, wakapiga makofi dakika nyingi. Alikuwa muzee wa miaka 82.

Alikufa tarehe 25 Desemba 1977. Mwezi wa Marsi 1978 wezi wakafukua sanduku lake, wakaomba jamaa feza. Jamaa ikakatala, na polisi wakaipata limezikwa katika shamba. Hata maiti yake walitaka kuipangia bei!

Mukipata Modern Times, muiangalie pamoja na watoto. Musikilize vizuri nani anasema ndani yake. Patron anasema kupitia mashini, sahani ya sauti inasema, radio inasema. Wafanyakazi wanafungua kinywa, sauti haitoke. Muwaulize watoto kwa nini.