Joy Adamson: Brashi na Kamera katika Nchi ya Meru

Miongoni mwa wageni waliowahi kuitazama nchi ya Meru na Embu kwa jicho la msanii, Joy Adamson ana nafasi ya pekee, kwa kuwa aliitazama mara mbili: kwanza kwa brashi, kisha kwa kamera. Wengi humkumbuka kwa ajili ya simba Elsa tu. Huko ni kumjua nusu.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizi huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Viktoria Gessner. Aliwasili Kenya mwaka 1937. Jina la Joy alipewa na mumewe wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na ni katika ndoa hiyo alipozoea kuchora maua ya porini. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama aliyekuwa na makao yake Isiolo, jirani kabisa na Meru.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia, Wameru na Waembu wakiwemo. Mchoro wa namna hiyo hudai subira ya pande mbili: mchoraji hutazama, naye anayechorwa huketi akitazama vilevile. Ndiyo maana nyuso zile, ingawa zimekusudiwa kuonyesha kabila, mara nyingi humwonyesha mtu.

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Elsa akabaki, na Joy akaanza kumpiga picha karibu kila hatua ya maisha yake. Hapo ndipo kamera ilipochukua nafasi ya brashi.

Mpiga picha wa wanyama aghalabu hutegemea lenzi ndefu ili kuufuta umbali. Kwa Elsa, umbali ulikuwa umekwisha kufutwa na mazoea: alilala kitandani, akaoga mtoni, akatembea pamoja na binadamu, na kamera ilikuwapo. Tofauti ilionekana Elsa alipokwisha kurudishwa porini huko Meru. Alizaa Desemba 1959, na Februari iliyofuata akawaleta wanawe kambini. Jespah alikuwa jasiri; Gopa na Elsa Mdogo walijitenga. Joy alikusudia wabaki wanyama wa porini. Kwa hiyo alilazimika kungoja, kama mpiga picha mwingine yeyote.

Baadhi ya wachapishaji wa London waliukataa mswada wake. Harvill Press waliukubali, na kitabu cha Born Free kikatoka mwaka 1960. Ni vigumu kudhani kwamba maneno peke yake yangekifikisha kilikofika. Picha ndizo zilizomfanya msomaji wa mbali aamini.

Hata hivyo, kuna jambo lisilotokea sana ndani ya picha hizo, nalo ni wenyeji. Mwishoni mwa 1960 halmashauri ya wilaya ya Meru ilitaka Elsa na wanawe waondolewe kwa sababu ya usalama wa watu. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa kando ya mto Ura. Wanawe walianza kuua mbuzi wa wanavijiji, nao wakahamishiwa Serengeti mwaka huohuo. Mwenye mbuzi hakupata mpiga picha. Yule aliyeketi mbele ya brashi miaka kumi nyuma alikuwa sasa nje ya fremu, na hilo ni pengo ambalo anayechambua kazi za Joy hawezi kulipuuza.

Baadaye alirudi Meru na duma Pippa, akamfuatilia na wanawe hadi Pippa alipokufa mwaka 1969. Mwaka huohuo ajali ya gari iliuharibu vibaya mkono wake wa kulia, ule wa brashi na piano.

Joy aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980. Majivu yake yaligawanywa kati ya makaburi mawili ya Meru: la Elsa na la Pippa.