Kennedy: Rais aliyeishi na maumivu ya mgongo

Wengi wanamkumbuka John F. Kennedy, Rais wa 35 wa Marekani, kwa ujana wake na kifo chake. Aliapishwa Januari 1961 akiwa na miaka 43, akaonekana mzima kama chuma. Kumbe kuna siku alisaidiwa kuvaa soksi kwa sababu ya mgongo.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, Massachusetts. Mgongo ulianza kumsumbua akiwa mwanafunzi. Agosti 1943, akiwa ofisa wa jeshi la majini katika Visiwa vya Solomon, boti yake iligongwa na manowari ya Kijapani ikakatika. Aliogelea saa kadhaa akimvuta mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la mwenzake ameuuma kwa meno.

Mwaka 1944 alipasuliwa mgongo. Oktoba 1954 alipasuliwa tena na kuwekewa bamba la chuma. Kidonda kikaingia vijidudu, hali ikawa mbaya hata padri akaitwa. Februari 1955 bamba likatolewa, na mwaka 1957 akapasuliwa mara ya nne. Maumivu hayakuondoka.

Dk. Janet Travell alimchoma sindano za ganzi kwenye misuli na kumshauri atumie kiti cha kuyumba. Sindano zilituliza kwa muda tu. Mei 1961, akipanda mti mjini Ottawa, Kanada, mgongo ulimuuma upya, akarudia magongo.

Oktoba mwaka huo aliitwa Dk. Hans Kraus, mpanda milima aliyetoka Austria. Aliona kwamba misuli ya tumbo na mgongo ya Rais ilikuwa dhaifu na imekakamaa. Dawa yake ikawa mazoezi: kunyoosha viungo na kuimarisha misuli mara tatu kwa wiki, taratibu, bila kuruka siku, pamoja na kuogelea. Baada ya miezi michache Rais alikuwa na nafuu kubwa.

Nilisoma uhamishoni Tanzania, na huko tulifundishwa kuhusu ziara ya Mwalimu Nyerere Washington, Julai 1963. Hatukuambiwa kwamba mwenyeji wake alikuwa mtu wa mazoezi ya mgongo. Hakupona kabisa, hata siku alipouawa Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, alikuwa amevaa mkanda mgumu kiunoni. Lakini mazoezi yalimpa nafuu ambayo visu vinne havikumpa.

Ndugu msomaji, maisha haya yanatuhusu sisi tuliorudi nyumbani na kuanza upya kwa jembe, na ninyi akina mama na vijana mnaobeba magunia mpakani. Maumivu yanayozidi miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Mara nyingi jeraha limeshapona, ila mishipa ya fahamu inaendelea kupiga kengele. Kulala kutwa nzima hudhoofisha misuli, na vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku bila ushauri huweza kuharibu tumbo na figo.

Kraus hakumpa Rais kitu cha tajiri. Kunyoosha viungo asubuhi hakuna bei. Tembea kila siku, hata kama ni kidogo. Gawanya mzigo mara mbili, piga magoti unapounyanyua na uushike karibu na mwili. Pata usingizi wa kutosha, acha sigara. Hospitali kubwa nyingi zina wataalamu wa tiba ya viungo. Waulize zoezi lipi linakufaa, kisha ulifanye nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au ukishindwa kuzuia haja, usisubiri mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.