Allidina Visram: Tajiri wa reli aliyeacha alama katika sahani ya Kisumu

MGENI anayefika Kisumu kwa mara ya kwanza hupelekwa kula kabla ya kupelekwa kwingine kokote. Wenyeji wake wakimpenda humfikisha ufuo wa Dunga, ambako samaki hutoka mtumbwini na kuingia kikaangoni bila safari ndefu. Huandaliwa ngege mzima aliyekaangwa kisha akatiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu, ugali wa moto, mboga za osuga zilizolainishwa kwa maziwa na, akitaka, chapati. Asubuhi yake huanza kwa chai ya maziwa na mandazi.

Desturi hiyo inaafikiana na jina la mji wenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wajaluo, jina Kisumu lilitokana na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Watu wa bara na watu wa ziwa walikutana hapo, huyu na nafaka yake, yule na samaki wake, kila mmoja akarudi kwao na alichokosa.

Hata hivyo, si vyote vilivyomo katika sahani hiyo vilivyozaliwa ufuoni. Samaki, mboga na maziwa ni vya wenyeji tangu zamani. Unga wa ngano, majani ya chai, sukari na mazoea ya kukaanga kwa mafuta mengi vilienea kupitia maduka ya Wahindi waliofuata reli. Miongoni mwa wafanyabiashara hao hakuna aliyevuma kuliko Allidina Visram.

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waismailia. Mwaka 1863, akiwa mvulana wa miaka 12 hivi, alivuka bahari na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Hakuja na mali. Alipata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara, na hapo ndipo alipojifunza biashara.

Misafara hiyo ilikuwa shule kali. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na nyaya hadi maeneo ya maziwa makuu, wakarudi na pembe za ndovu, nta na asali. Aliyetaka kufaulu alihitaji kujua bei ya kitambaa Zanzibar, kiu ya wapagazi njiani na hali ya amani huko waendako. Visram alijua yote hayo. Baada ya muda alianza kutuma misafara yake mwenyewe, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, mwanafunzi wake alichukua nafasi yake kama jina kuu katika biashara ya bara.

Wakati huo mambo yalikuwa yakibadilika. Ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza Mombasa mwaka 1896, ukitegemea zaidi ya vibarua 30,000 walioletwa kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walipoteza maisha kwa maradhi, ajali na simba. Waliobaki walihitaji vyakula walivyovizoea: mchele, unga wa ngano, dengu, samli na viungo.

Wafanyabiashara wengi wa misafara waliiona reli kama adui aliyekuja kuua kazi ya wapagazi. Visram aliiona kama njia. Alifungua maduka katika vituo kadiri reli ilivyosonga mbele, na jumla ya matawi yake ikapita 30, kuanzia pwani hadi Uganda na kwingineko.

Mnamo Desemba 1901 reli ilifika ufuoni mwa ziwa, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli hiyo. Jina hilo halikudumu, na lile la zamani la Kisumu likarejea. Wakati huo Kisumu ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902.

Kwa Visram, Kisumu haikuwa mwisho wa safari. Bidhaa ziliteremshwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa katika vyombo vya majini. Mbali na meli za serikali, yeye alikuwa na mashua zake na meli ndogo ya mvuke ziwani. Gunia la unga lililotoka Mombasa liliweza kufika Entebbe bila kuacha mikono ya kampuni yake. Ukubwa huo wa biashara ndio uliomfanya aitwe mfalme wa Uganda asiye na taji.

Kukiwa na uhaba mkubwa wa benki, maduka yake yalifanya kazi ya benki pia. Maafisa wa serikali na wamisionari walipata fedha na bidhaa kwake na kulipa baadaye. Kijana aliyetoka India bila kitu alipewa bidhaa kwa mkopo, akaenda kufungua kibanda mahali ambapo hapakuwa na duka. Kwa njia hiyo chumvi, sukari na unga vilifika vijijini, mbali sana na stesheni ya reli.

Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba Visram ndiye aliyeleta chapati Kisumu. Chapati ilipikwa na vibarua kambini na na wake wa wenye maduka majumbani mwao. Alichofanya yeye na wenzake ni kuhakikisha kuwa unga wake unapatikana wiki baada ya wiki. Chakula kigeni hakigeuki cha nyumbani kwa kuonjwa mara moja. Hugeuka pale ambapo mama wa nyumbani ana hakika ya kupata viungo vyake kesho na kesho kutwa.

Jambo linaloonyesha vyema mkono wake katika mapishi ya ufuo huu ni mafuta. Wajaluo walipika samaki kwa kumchemsha, kumbanika au kumkausha juani na kwa moshi. Mafuta yao yalikuwa samli ya ng'ombe. Ufuta, unaoitwa nyim kwa Kijaluo, ulikuwa chakula cha heshima kwa wageni na wakwe. Utawala wa kikoloni ulipohimiza kilimo cha zao hilo kwa ajili ya kuuza, Visram alikuwa na kinu cha kukamua mafuta Kisumu kwenyewe. Mbegu ya mkulima wa Nyanza ikawa bidhaa ya dukani.

Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa historia hii. Mkulima alipata pahali pa kuuza mazao yake na fedha za kulipa kodi ya serikali. Lakini bei iliamuliwa na mnunuzi, na mafuta yaliyotoka kwenye mbegu yake aliyanunua kwa fedha hizo hizo. Biashara kubwa ya Kisumu ilikaa mikononi mwa Wahindi kwa miaka mingi, huku Waafrika wakiachiwa kuchuuza sokoni. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyomsukuma Jaramogi Oginga Odinga na wenzake kuanzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, ili kuthibitisha kwamba Mwafrika naye aliweza kumiliki duka, kiwanda cha uchapishaji na jengo mjini.

Visram hakuishi kuyaona hayo. Alikuwa amepanua shughuli zake hadi mashamba ya pamba, miwa na mpira, viwanda vya kuchambua pamba na ngozi, na hata kupasua mbao. Katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia alisafiri kwenda Kongo kwa biashara, akashikwa na homa. Alifariki Juni 1916, akiwa na umri wa miaka 65 hivi.

Mali yake haikudumu. Mwanawe, Abdul Rasul, alianzisha shule Mombasa mwaka 1921 kwa kumbukumbu ya babake, shule ambayo hadi leo inaitwa Allidina Visram. Lakini mrithi huyo naye alifariki mapema, na katika miaka ya 1920 milki iliyochukua nusu karne kujengwa ilisambaratika.

Kilichobaki Kisumu hakina kibao cha jina lake. Kimo katika vyakula ambavyo mgeni anapaswa kuvionja, na si vibaya kuvifuata kwa mpangilio.

Cha kwanza ni kuon, yaani ugali, ikiwezekana ule wa mtama au wimbi ambao ulitangulia ule wa mahindi meupe. Huo huliwa kwa mkono na mboga chungu kama osuga, au zile za kuteleza kama apoth. Kisha kuna aliya, nyama iliyokaushwa juani na kupikwa taratibu, na nyoyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Hivi ni vyakula vya kabla ya gari la moshi, na havihitaji mafuta mengi.

Cha pili ni samaki. Ngege wa asili, ambaye mtaalamu Mwingereza Michael Graham alimpa mwaka 1928 jina la kisayansi lenye maana ya kufaa kuliwa, amekuwa adimu. Anayeliwa leo kwa jina hilo mara nyingi ni jamaa yake aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, kama alivyoletwa mbuta ambaye baadaye aliwamaliza samaki wengi wadogo. Omena, dagaa wa ziwa hili, bado ni kitoweo cha mwenye nacho na asiye nacho. Mgeni amle ngege wa kuchemshwa siku moja na wa kukaangwa siku nyingine, aone tofauti iliyoletwa na chupa ya mafuta.

Cha tatu ni vile vya njia ya reli: chapati, sambusa, bajia na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari. Vyote hivyo vilikuja na wageni, na leo hakuna harusi wala matanga katika ufuo wa Nyanza ambapo chai hukosekana. Chapati sasa hupikwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, nafasi iliyokuwa ya nyim.

Sanamu ya Visram ipo Mombasa, katika eneo la Treasury Square, mbali na ziwa. Huko Dunga, mwanamke anayemgeuza samaki kikaangoni huenda hajawahi kusikia jina lake. Samaki ni wa ziwa lake na mapishi ni yake mwenyewe. Siku hizi hata duka analonunulia mafuta huenda likawa la jirani yake.