Nikolai Korotkov: Daktari Aliyeisikia Damu Ikipita

Mtu atokaye upande wa Gayaza akielekea mjini Kampala hupita Kalerwe, chini ya kilima cha Mulago, penye soko lijulikanalo kwa vyakula vya bei nafuu. Tangu alfajiri wachukuzi hushusha mizigo, akina mama hupanga bidhaa zao, na wanunuzi hupita huku na huko wakijadili bei. Sokoni hapo kila kitu kina kipimo chake: ndizi kwa mikungu, maharagwe kwa kilo, mafuta kwa chupa. Lakini kipo kitu ambacho kila mmoja wao anacho mwilini, na wengi hawajapata kukipima hata mara moja. Kitu hicho ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, ambayo madaktari huiita shinikizo la damu, na wengi wetu huiita presha.

Juu ya kilima hicho, katika hospitali ya Mulago, ndiko ilikoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda mwaka 1988. Mgonjwa aendaye huko, au katika zahanati yoyote, hufungwa mkanda wa mpira katika mkono. Mkanda hujazwa hewa, kisha muuguzi huweka chombo cha kusikilizia penye kiwiko, akatulia kimya huku hewa ikitoka polepole. Anasikiliza nini? Anasikiliza sauti ambazo madaktari wa ulimwengu mzima huziita kwa jina la mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo twakusudia kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu huyo.

Nikolai Sergeyevich Korotkov alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Kursk, nchini Urusi, katika ukoo wa wafanyabiashara. Alipomaliza masomo ya sekondari alijiunga na Chuo Kikuu cha Kharkov kusomea uganga, kisha akahamia Moscow, ambako alihitimu kwa sifa mwaka 1898. Akaajiriwa katika idara ya upasuaji ya chuo hicho, akiwa kijana mwenye bidii na mnyamavu.

Haukupita muda mrefu, mwaka 1900, vita vikazuka nchini China, na Korotkov akapelekwa Mashariki ya Mbali pamoja na kikosi cha Msalaba Mwekundu. Alikwenda kwa reli ya Siberia na kurudi kwa njia ya bahari, akipita Japani, Singapore, Ceylon na mfereji wa Suez. Aliporejea alikitafsiri kwa Kirusi kitabu cha Kijerumani juu ya utambuzi wa magonjwa ya upasuaji. Mwaka 1903 Profesa Fedorov akamwita awe msaidizi wake katika Chuo cha Tiba cha Jeshi, katika mji wa Saint Petersburg.

Hapana budi tueleze hali ya upimaji wa damu ilivyokuwa wakati ule. Mnamo mwaka 1733 kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alitangaza jinsi alivyotia mrija katika mshipa wa farasi na kuitazama damu ikipanda juu. Bila shaka njia hiyo haikumfaa mgonjwa. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci akatengeneza kifaa chenye mkanda wa mpira wa kufunga mkononi na bomba la zebaki. Daktari alijaza hewa mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yakapotea, kisha akaipunguza mpaka yakarudi. Kifaa hicho kilikuwa hatua kubwa, lakini kilikuwa na upungufu: kwa kupapasa kwa vidole daktari alipata kipimo cha juu tu, yaani nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza. Nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika haikujulikana kwa njia hiyo.

Upungufu huo uliondolewa na vita. Mwaka 1904 Urusi na Japani zilipigana, na Korotkov akaenda Harbin, katika Manchuria, akiwa daktari mkuu wa upasuaji wa kikosi cha Msalaba Mwekundu. Huko alipokea askari waliojeruhiwa mishipa mikubwa kwa risasi. Daktari alikabiliwa na swali zito. Akiufunga mshipa uliotoboka ili kuzuia damu isimwagike, je, mishipa midogo ya pembeni itatosha kuulisha mkono au mguu? Isipotosha, kiungo kitaoza na kukatwa. Korotkov alitaka kupata dalili ya kumwongoza kabla hajashika kisu, kwa hiyo alizoea kuisikiliza mishipa ya majeruhi, akiibana na kuiachilia. Hivyo ndivyo alivyotambua kwamba mshipa uliobanwa na kisha kuachiliwa hutoa sauti zenye utaratibu wake.

Aliporudi Saint Petersburg mwaka 1905 aliichukua mikanda ya Riva-Rocci na chombo kidogo cha kusikilizia cha watoto, akaviunganisha vitu hivyo viwili. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, kwa kalenda ya Warusi wa siku zile, alisimama mbele ya wenzake akatoa taarifa isiyofika hata ukurasa mmoja. Maelezo yake yalikuwa hivi: mkanda unapobana mpaka damu isipite, hakuna kinachosikika. Hewa inapopunguzwa, hufika mahali sauti fupi za kwanza zikatokea, maana damu imeanza kupenya. Hapo ndipo penye kipimo cha juu. Kisha hufuata mivumo, halafu sauti tena, na mwisho zote hupotea, maana mshipa sasa umefunguka na damu yapita bila kizuizi. Hapo zinapopotea ndipo penye kipimo cha chini.

Wakatokea waliopinga, wakidai kwamba alichokisikia ni mapigo ya moyo tu yaliyosafiri mpaka mkononi. Korotkov hakugombana nao kwa maneno. Alifanya majaribio kwa wanyama, akaonyesha kwamba sauti hizo huzaliwa palepale mshipani. Profesa Mikhail Yanovsky aliiunga mkono kazi hiyo, na pamoja na wanafunzi wake akaichunguza na kuieneza, mpaka ikavuka mipaka ya Urusi.

Mwenyewe hakukaa mjini kufurahia sifa. Alifanya kazi ya udaktari katika Siberia, na mwaka 1910 akatunukiwa shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya mishipa. Baadaye alikuwa daktari wa wachimba dhahabu wa Lena. Huko, mwaka 1912, askari wa mfalme waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma bila silaha, wakaua zaidi ya mia moja. Tukio hilo lilimwumiza sana Korotkov, naye akaondoka kurudi Saint Petersburg. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwahudumia askari waliolemaa, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 akawa daktari mwandamizi katika hospitali ya Mechnikov. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 46 tu.

Je, habari za daktari huyu wa mbali zatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Zatuhusu sana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison alitangaza kwamba amewapima watu 1,000 nchini Kenya bila kukuta ugonjwa wa presha. Mtu angeweza kudhani basi kwamba Mwafrika ameumbwa bila ugonjwa huo. Lakini katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakaona kwamba shinikizo lao la damu lilipanda katika miezi michache ya kwanza, huku wakila chumvi nyingi kuliko walivyozoea kwao. Kumbe kinga haikuwa katika rangi ya ngozi, bali katika namna ya kuishi. Nao wakazi wengi wa Kalerwe, kama wa mitaa mingine ya mijini, wametoka vijijini kuja kutafuta riziki.

Vifaa vyenyewe vimebadilika. Kwa mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mataifa yalikubaliana kuviacha vipimio vya zebaki kwa sababu ya sumu yake. Siku hizi zipo mashine za umeme zinazohisi mtikisiko wa mshipa bila kuhitaji sikio. Wapo pia wabunifu wanaojaribu kuipima damu kwa mwanga unaomulikwa katika ngozi, kama vile habari zinavyosafirishwa kwa mwanga ndani ya nyaya za kioo zilizofika pwani yetu chini ya bahari mwaka 2009. Hata hivyo, mashine mpya ya mkanda haiaminiwi mpaka vipimo vyake vilinganishwe na kipimo cha kweli. Na kipimo hicho, kwa kawaida, ni sikio la mwanadamu linalosikiliza sauti za Korotkov.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Presha haimwumi mtu kama jino, wala haimtetemeshi kama malaria. Huenda akabeba mizigo miaka mingi akijiona mzima, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika taratibu, mpaka siku anapoanguka akiwa amepooza upande mmoja. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku mbalimbali na kubaki hivyo, ni onyo la kumwona daktari. Korotkov alijifunza kuisikiliza damu ili kuokoa viungo vya askari waliojeruhiwa. Ndugu msomaji, utakapopita karibu na zahanati, ingia, unyooshe mkono wako, uache damu yako isikilizwe. Ni kazi ya dakika chache tu.